Madame wa Shimi na Esanse ya Bukavu

Mji mzima ulimwita Madame wa Shimi. Jina alikuwa nalo, lakini hata kwenye orodha ya kwaya ya parokia waliandika "Madame Shimi, sauti ya pili", na hakuna aliyeuliza ni nani huyo. Shimi ni kemia, kama tunavyoiita sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Aliifundisha kwenye lisee, yaani sekondari, ya wasichana Nyalukemba kwa muda mrefu kiasi cha kuwafundisha mabinti wa wanafunzi wake wa kwanza. Mimi nilipita kwake katikati, na sikuwa mwanafunzi mzuri. Tulikuja kuwa karibu baadaye, nilipoacha kuuza nguo Kadutu nikanunua kamyoneti ya kubebea mizigo ya wakulima kutoka Walungu. Mtu mwenye gari Bukavu hakuweza kumkwepa Madame wa Shimi, kwa sababu kitu alichokijua kuliko mtu yeyote mjini kilikuwa esanse.

Niseme mapema kwa msomaji wa mbali: kwetu esanse ni yale mafuta ambayo wengine huyaita petroli. Ukiomba petroli Bukavu utapewa mafuta ya taa. Madame alidai kwamba nusu ya injini zilizokufa mjini ziliuawa na neno hilo moja, akacheka kabla hujamaliza kuelewa. Alikuwa na tabia hiyo, ya kucheka mzaha wake kabla haujafika mwisho, hata mara nyingine mwisho wenyewe haukufika kabisa.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alivaa viatu vya ngozi visivyo na kisigino vilivyokuwa vinang'aa hata msimu wa matope. Alitembea kwa miguu kila mahali. Pikipiki aliziogopa waziwazi, na motadi, dereva wa pikipiki ya abiria, akimwita, "Madame, panda, nakupeleka pole pole," yeye alijibu, "Ile pole pole yako naijua, baba, nilifundisha dada yako." Njia za Kadutu, zile zinazopanda kati ya nyumba kama ngazi zilizosahau kujengwa, alizipanda akisimama kila baada ya milango michache kusalimia, na salamu hizo zilimsaidia kuvuta pumzi bila mtu kugundua.

Ndani ya mkoba wake mweusi kulikuwa na rozari, miwani miwili, peremende za mnanaa, na mrija mrefu wa kioo uliozibwa chini, wenye alama pembeni, umefungwa katika kipande cha kitenge. Wauza esanse wa kando ya barabara, wale wanaoipanga katika chupa na vidumu juu ya meza, waliujua mrija ule. Walipomwona anateremka mtaa, wengine walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyuma ya nyumba. Lakini wengi walimpenda, hasa akina mama, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiuziwa vidumu vibaya na wasambazaji kisha wakalaumiwa na madereva. Walimwita kabla ya kupokea mzigo. Madame alichukua karatasi nyeupe, akadondosha tone moja la esanse, akaipepea hewani. Tone likikauka bila kuacha alama, esanse ilikuwa safi. Likiacha duara la mafuta, mtu alikuwa ameichanganya na mafuta ya taa. Karatasi zenyewe zilikuwa migongo ya mitihani ya zamani.

"Haziishe?" nilimuuliza siku moja.

"Ziishe wapi? Ule mwaka batoto balipata sifuri sana. Karatasi iko tele."

Darasani alikuwa mkali lakini si wa kuchapa. Sisi wengi hatukuwahi kugusa gari, ila yeye alisema msichana wa Bukavu lazima ajue kinachochoma ndani ya injini, kwa sababu siku moja atapanda moja, atanunua moja, au ataolewa na mtu anayejifanya anaijua. Somo la oktani alilifundisha kwa kuimba. Alitusimamisha wote, wasichana arobaini na kitu, akasema tuimbe sauti moja pale tu atakaposhusha mkono. Akainua mkono. Akautuliza hewani. Akauacha huko, akitutazama mmoja mmoja, mpaka msichana mmoja wa nyuma akashindwa, akapaza sauti peke yake. Darasa likaangua kicheko.

"Huyo!" Madame alimnyooshea kidole kwa furaha. "Huyo ni esanse ya oktani kidogo. Moto haujaitwa, yeye anawaka. Moteri inagonga. Sasa mukisikia mutu anasema oktani ni nguvu, mumwambie hapana. Oktani ni kuvumilia. Ni kungoja mukono ushuke."

Yule msichana wa nyuma nilikuwa mimi. Kwa hiyo somo hilo, tofauti na mengine, sikulisahau.

Swali lake kuu, darasani na nje ya darasa, lilikuwa: "Uliona ama ulisikia?" Alimuuliza mtoto aliyedai kuna nyoka chooni. Alimuuliza jirani aliyeleta habari za ndoa ya mtu kuvunjika. Padri wetu mwenyewe alituhadithia, akiwa bado anacheka, kwamba alimweleza Madame jinsi paa la kanisa la kijiji fulani lilivyong'olewa na upepo, na Madame akamtazama juu ya miwani: "Mon père, uliona ama ulisikia?" Padri akakiri kwamba alisikia. Madame akasema basi wangoje kidogo kabla ya kuanza kukusanya mabati. Wiki iliyofuata ikajulikana ni mabati matatu tu yaliyolegea.

Na bado mtu huyuhuyu wa ushahidi alinyunyizia maji ya baraka kila gari jipya alilojulishwa. Alitoa kichupa, akafanya alama ya msalaba juu ya boneti, akasali kwa midomo bila sauti. Dereva mmoja kijana alimchokoza: "Madame, si ulisema maji ni adui ya moteri?" Akajibu bila kugeuka: "Maji juu ya boneti haina shida. Maji mu rezervuari ya esanse njo mubaya." Aliamini pia kwamba bia ya baridi inaharibu magoti, na kwamba redio yake inasikika vizuri zaidi ikigeuziwa ziwa. Ukimuuliza ushahidi wa hayo, alikupa peremende.

Kubwa kuliko yote, hakujua kuendesha gari. Marehemu mumewe alijaribu kumfundisha zamani, katika uwanja wa shule. Somo la kwanza liliishia ndani ya ua wa mapadri, katikati ya mboga. Madame alishuka, akaukagua uzio ulioanguka, akamwambia mumewe kwamba sehemu ya nadharia ameielewa vizuri na sehemu ya vitendo anamwachia yeye. Hakugusa usukani tena. Aliweza kukueleza kila kinachotokea ndani ya silinda kwa sehemu ya sekunde, lakini hakujua breki ni pedali ipi.

Nikumbuke pia ile siku ya esanse isiyo na alkoli, maana madereva wa Kadutu wanaicheka hadi leo.

Alikuja mtu mmoja pale tunapoegesha, karibu na soko, amevaa vizuri, ana vidumu vya buluu vilivyofungwa kwa karatasi ya plastiki. Alieleza kwa sauti ya kuhubiri kwamba esanse ya siku hizi inachanganywa na alkoli, ile pombe kali ya viwandani, huko inakotoka, na alkoli inavuta maji, inakula mipira, inaua turbo. Yake yeye ilikuwa safi, bila hata tone la alkoli, ndiyo maana bei yake iko juu. Baadhi yetu tulianza kutazamana. Magari kadhaa ya turbo yalikuwa yameingia mjini miaka ile, langu likiwa mojawapo, na sote tuliogopa kuyaua.

Mtu mmoja akaenda kumwita Madame. Alikuja baada ya nusu saa, anahema, na akasalimia kila mtu kwanza.

"Unachosema ni kweli," alimwambia yule mwuzaji, nasi tukashangaa. "Alkoli inavuta maji. Gari ikikaa miezi bila kutembea, ile maji inashuka chini, inaleta shida. Na alkoli inachoma haraka, haikupeleki mbali sawa na esanse yenyewe. Banaitia sababu inaongeza oktani. Yote ni kweli." Akafungua mkoba. "Sasa tuone."

Alimimina maji kwenye mrija hadi alama ya chini, akaongeza esanse ya vidumu vya buluu, akaziba kwa kidole gumba, akautikisa, kisha akausimamisha juu ya boneti yangu. Tulingoja. Alieleza kwamba kama kuna alkoli, itaikimbia esanse na kujificha ndani ya maji, na maji yataonekana yamepanda juu ya alama. Maji hayakupanda.

"Umeona, Madame!" mwuzaji alisema. "Safi!"

"Safi," Madame alikubali. Kisha akamwomba mama mmoja wa kando ya barabara chupa ya esanse ya kawaida, ile tuliyoinunua kila siku. Akausafisha mrija, akarudia yote. Tukangoja tena. Maji hayakupanda.

Madame akamgeukia yule mtu kwa upole mkubwa. "Baba, hii yote mbili haina alkoli. Unabauzishia ukosefu wa kitu chenye hakiko." Akaanza kucheka, na safari hii tulifika naye mwisho. Yule mwuzaji, nimsifu, alicheka pia. Alipakia vidumu vyake, akaomba peremende, akaenda.

Sasa nieleze jambo langu mimi.

Kamyoneti yangu ilikuwa ndogo ya kijivu, iliyotumika nje kabla ya kufika kwetu, yenye injini ndogo ya esanse na turbo. Mtu aliyeileta aliipaka rangi upya nzima, hadi ndani ya kifuniko cha tangi. Kitabu chake kilikuwa kwa lugha ambayo hakuna mtu niliyemjua aliisoma. Madereva wenzangu waliniambia gari la turbo linywe esanse ya oktani ya juu, ile ya bei kubwa iliyokuwa inapatikana kituo kimoja tu mjini. Nilikwenda kwa Madame.

Alikuwa ukumbini kwake, anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

"Nani alikuambia?"

"Bashofere, Madame."

"Baliona ama balisikia?"

Nikaanza kuchambua naye. Akanieleza, na ninayakumbuka maneno yake kwa sababu niliyarudia kwa wengine mara nyingi. "Sisi tuko mu milima, maman. Hewa ya hapa iko kidogo kupita ile ya ku bahari. Hewa kidogo, kukandamizwa kidogo, joto kidogo mu silinda. Esanse haina sababu ya kuwaka mbele ya wakati. Ile ya kawaida inatosha. Ile ingine ni ya batu ba chini. Usitupe feza."

Ilikuwa na mantiki iliyonyooka. Niliondoka na furaha, na madereva nao walipoisikia walifurahi. Madame akatafutwa, akairudia pale maegeshoni mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo, magari ya turbo ya Kadutu yalikunywa esanse ya kawaida, na anayenunua ile ya bei alichekwa.

Kwa mwaka na zaidi mambo yalienda. Kisha nikaanza kusikia sauti. Ilikuja wakati wa kupanda tu, mzigo ukiwa mwingi na jua kali: mlio mwepesi mbele, kama mawe madogo yanatikiswa ndani ya kopo. Kwenye tambarare ulinyamaza. Nitakiri nilichofanya. Niliongeza sauti ya redio.

Siku gari lilipovunjika nilikuwa natoka Walungu na kabichi hadi juu, na pembeni yangu alikaa mama mwenye kabichi hizo, mteja wangu wa siku zote. Tulikuwa kwenye mlima mrefu. Mlio ulianza, nikakanyaga mafuta zaidi ili niumalize mlima haraka, na mlio ukawa mkubwa. Yule mama akauliza, "Iko nini inalia vile?" Kulipasuka kitu, gari likaishiwa nguvu, na nyuma yetu moshi wa buluu ukafunika barabara. Tulishuka. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu. Mama alitazama kabichi zake, akanitazama mimi, akasema, "Pole, maman," na huruma yake iliniumiza kuliko kama angenitukana.

Fundi wangu, mzee mtaratibu wa Kadutu asiyependa maneno, aliifungua injini siku tatu baadaye. Akaniwekea pistoni mkononi. Ukingo wake ulikuwa umeliwa kama mkate uliotafunwa na panya, na kipande kilikuwa kimemeguka.

"Imegongwa," alisema. "Muda mrefu. Ulikuwa unatia nini?"

"Ile ya kawaida."

Fundi akachukua bisibisi. Akaenda kwenye kifuniko cha tangi, akaikwaruza rangi ya kijivu taratibu kwa ncha ya bisibisi. Chini yake kulikuwa na kibandiko cha kiwandani, na juu yake namba. Fundi akaisoma kwa sauti: "Nonante-cinq." Tisini na tano. Ndiyo namba iliyoandikwa kwenye pampu ya ile esanse ya bei. Ya kawaida ilikuwa chini yake.

"Nani alikuambia ile ingine inatosha?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba sikumbuki.

Gari lilikaa gereji wiki nyingi. Wateja wangu niliwaomba wenzangu wawabebee, na wengine hawakurudi kwangu. Nilikuwa na hasira, na ubaya wake ni kwamba sikujua pa kuiweka. Ningemwambiaje mwanamke aliyepita miaka sabini, ambaye mji mzima ulimwamini, kwamba kosa lake limevunja injini yangu? Na madereva waliomfuata walikuwa wengi. Nikaona bora ninyamaze. Niliwaambia wenzangu kwamba injini ilikuwa imechoka. Baada ya gari kupona nililitilia ile ya bei, kimya kimya, kama mtu anayeficha ulevi. Mlio haukurudi, na milima niliyokuwa naipanda kwa gea ya pili nikaipanda kwa ya tatu.

Madame mwenyewe nilimkimbia. Nilihama misa ya kwanza nikahamia ya tatu. Nilipomwona anateremka mtaa nilikata kona. Miezi ikapita hivyo.

Akanikamata Jumapili moja, kwenye ngazi za kanisa, baada ya misa ya tatu. Alikuwa amekuja makusudi. Alikuwa amekonda, na mkononi alikuwa na fimbo ambayo sikuwa nimeiona kabla.

"Umehama misa," alisema.

"Kazi, Madame."

"Kazi ya Siku ya Bwana?" Akaketi kwenye ngazi, akapiga jiwe kando yake kwa kiganja. "Ikala. Nilikukosea nini?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mwingi kwa ajili ya siku kama ile. Wote ulinipotea. Nilimweleza: mlio, mlima, kabichi, pistoni, kibandiko chini ya rangi. Nilimweleza kwamba sasa natia ile ya bei na gari linapanda vizuri. Nilisema haraka, nikitazama viatu vyake.

Watu walipita wakimsalimia, naye hakujibu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilidhani anasali. Kisha nikagundua kwamba anafundisha, anajiuliza na kujijibu.

"Turbo," alisema mwishowe. "Kazi yake ni nini?"

"Kusukuma hewa, Madame."

"Kuisukuma wapi?"

"Mu moteri."

"Basi." Akajipiga paja. "Ile hewa yenye milima ilituondolea, turbo inairudisha! Moteri yenye turbo haijue kama iko mu milima. Ukipakia mizigo, ukipanda, inajaza hewa kabisa, inakandamiza, joto inakuwa mingi, na esanse ya kawaida inawaka mbele ya wakati." Alinigeukia, na uso wake nilioogopa kuuona umevunjika ulikuwa umewaka kama wa msichana aliyepata jibu ubaoni. "Nilifundisha moteri ya bila turbo. Nilisahau turbo! Ni kosa zuri sana hii, maman. Ni kosa ya kutia mu mutihani."

Nilianza kucheka na macho yakanijaa. Naye alicheka, lakini ghafla akanyamaza.

"Bangapi bananisikiliza pale Kadutu?"

"Wengi, Madame."

"Wenye turbo?"

"Kumi hivi. Labda na zaidi."

Akasimama kwa kuegemea bega langu. "Gari yako iko wapi?"

"Madame, ni Jumapili. Tutaenda kesho."

"Leo kuna mutu anapanda mulima," alisema, na tayari alikuwa anateremka ngazi.

Tulipofika maegeshoni madereva wengi walikuwepo, wamekaa kwenye mabenchi wanangoja wateja wa mchana. Walisimama kumpokea. Mmoja akamletea kiti, akakikataa. Alishika fimbo kwa mikono miwili mbele yake, na sauti yake ya darasani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu ujana wangu, ikatoka nzima.

"Bashofere, niliwaambia moteri yenye turbo itoshewe na esanse ya kawaida sababu tuko mu milima. Nilikosa. Gari ya huyu mutoto wangu ilikufa sababu yangu."

Nilitaka kuingia chini ya gari langu. Dereva mmoja mkubwa, mtu mwenye maneno mengi siku zote, alisema kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa: "Aa, Madame, usiseme vile. Sisi njo hatukusikiliza muzuri."

"Mulisikiliza muzuri sana," alimkatiza. "Hapo njo kuko shida. Mulisikiliza, hamukuuliza." Kisha akaeleza tena kuhusu hewa na turbo, polepole, hadi wa mwisho akaelewa. Dereva wa teksi kuukuu akainua mkono kama mwanafunzi, akauliza kama na yeye anunue ile ya bei.

"Gari yako iko na turbo?"

"Hapana, Madame. Iko na uzee."

"Kiwanda iliomba namba gani?"

"Sijuwe."

"Basi tuangalie. Kama haikuomba, usitupe feza yako. Haitaongeza hata hatua moja. Kama iliomba, uipatie. Kila moteri iko na namba yake."

Kumbe karibu hakuna aliyejua namba ya gari lake. Wengine vibandiko vyao vilifunikwa rangi kama changu, wengine maandishi yalikuwa ya lugha za mbali. Madame akavaa miwani, kisha akavaa ya pili juu yake, na akaanza kupita gari hadi gari. Madereva walifungua vifuniko vya matangi. Aliinama, akakwaruza kwa ukucha, akasoma namba kwa sauti, na mwenye gari akairudia. Kwenye teksi moja alikaa ameinama kwa muda, kisha akauliza kwa mshangao: "Baba, wewe unatia esanse? Hapa banaandika mazutu, mafuta ya dizeli!"

"Ni kifuniko ya gari ingine, Madame. Yangu iliibwa."

Maegesho yote yalilipuka kwa kicheko, na Madame alilazimika kushika mlango wa teksi asianguke.

Magari tisa yalipata namba alasiri ile. Manne yaliyokuwa na turbo yaliomba ile ya juu. Yaliyobaki yaliambiwa yaendelee yalivyo. Dereva mwenye maneno mengi alinijia kando, akaniuliza kwa nini sikusema mapema, maana lake nalo lilikuwa limeanza kulia kwenye milima. Nilimwomba msamaha, na akanipa mkono.

Nilimrudisha Madame nyumbani jua likiwa bado juu ya ziwa. Alikuwa amechoka, mikono imemchafuka rangi na vumbi la vifuniko tisa. Siku hizi anaishi kwa binti yake Uvira, ambako anasema joto linamfaa magoti, na hatujaonana ana kwa ana tangu alipohama. Kwa hiyo ile ndiyo safari yetu ya mwisho ya pamoja. Nilisimamisha gari mbele ya lango lake, nikazima injini, nikaanza kumwomba radhi kwa kumficha.

Aliniwekea mkono ule mchafu juu ya wangu.

"Maman, mutu wa miaka yangu, batu banamuheshimu, banamuletea kiti," alisema. "Lakini hakuna mwenye anamuambia kitu tena. Wewe uliniambia. Asante."

Akafungua mlango, akatafuta ardhi kwa mguu, akashuka.